Shoti ni ya nani?

Elfu themanini na sita na mia tano. Ndiyo iliyokosekana jioni ile, na tulikuwa tumeshahesabu mara tatu. Kwanza alihesabu dada wa kaunta, kisha nikahesabu mimi, mwisho akahesabu bosi mwenyewe, analamba kidole gumba kila baada ya noti tano. Sarafu tulizimwaga kwenye kifuniko cha hotpoti tukazipanga mafungu. Nje makuli walikuwa wanakaza kamba kwenye guta la mwisho, na duka la jirani lilishashusha geti.

Bosi akafunga droo. Akavuta daftari lake dogo jeusi, akaandika tarehe, akaandika 86,500, na mbele yake akaweka herufi moja tu, ya kwanza ya jina la dada. Basi, yamekwisha. Hakuna aliyepandisha sauti. Dada akajifunga mtandio wake, akaniambia, "Twende mdogo wangu, magari yatajaa," tukatoka kwenda kugombania daladala ya Mbagala.

Ilikuwa siku yangu ya tisa kazini.

Ninasoma shahada ya biashara, chuo kimoja hapa hapa Dar. Fildi yangu, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ilikuwa Julai hadi Septemba 2024, na sikuipata nilikotaka. Nilitaka benki. Nilipeleka barua saba kwenye mabenki na kampuni za simu. Mbili walijibu kwamba nafasi zimejaa, waliobaki kimya mpaka leo ninapoandika. Ndipo shangazi akamkumbuka mtu anayefahamiana na mzee mmoja mwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo: ndoo, mabeseni, hotpoti, chupa za chai, sahani za melamini. Wenzangu walikuwa wanapiga picha kwenye ofisi zenye kiyoyozi, kitambulisho shingoni. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya katoni la vikombe, miguu imejaa vumbi la stoo.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kaunta: shoti ni pale pesa ya kwenye droo inapopungua kuliko mauzo yanavyosema. Konda anaijua, siku hesabu ya tajiri haijatimia. Wakala wa pesa za simu anaijua, floti, yaani salio la kwenye simu, na keshi zinapokataa kukutana. Binti wa kituo cha mafuta anaijua, mita ya pampu inaposoma lita ambazo pesa yake mkononi haizifikii. Mhudumu wa baa anaijua kuliko wote, maana mteja wake aliaga anakwenda msalani. Kila mmoja na yake, ila mlipaji ni yule yule aliyekuwa zamu.

Sasa niseme na langu mapema, nisije nikajifanya mtakatifu. Katika ile 86,500, elfu arobaini na nane zilikuwa zangu. Mteja wa Songea alichukua mabeseni, akalipa nusu, iliyobaki akaenda nayo kwa mali kauli, alipe akishauza, kama kawaida yake. Mimi kwenye karatasi ya mauzo nikaandika yote imelipwa keshi. Kosa la mwanafunzi. Nililiona asubuhi yake nilipofungua daftari la wadeni, moyo ukapiga paa.

Nikanyamaza siku mbili. Kwenye begi nilikuwa na fomu ya tathmini, ile ambayo bosi anajaza alama zako: uaminifu, umakini, kujituma. Siku mbili nzima nikakaa pembeni ya mtu anayedaiwa deni langu, ananigawia mihogo yake ya kukaanga. Siku ya tatu nikamwambia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema tu, "Ungeacha mdogo wangu. Ashaandika." Nikaenda kwa bosi nikajieleza. Akakata 86,500 kwa kalamu, akaandika 38,500 juu yake, akaniambia niwe makini. Herufi ya dada ikabaki pale pale.

Sasa 38,500 nayo ilitoka wapi? Hapo ndipo udadisi wa kihasibu ukaniingia, au niseme hatia, vyote viwili vina dalili zinazofanana.

Alhamisi moja niliamua kukaa karibu na droo nikiwa na kipande cha boksi na kalamu. Sikuangalia mauzo. Niliangalia mikono. Droo ile ilikuwa na wafunguaji wanne: dada, kijana wa stoo, bosi, na siku nyingine Mama, mke wa bosi, akipita kutoka sokoni. Siku ile zilitoka pesa hivi: makuli 12,000 za kushusha mzigo. Winga aliyeleta mteja, cha juu chake 5,000. Bosi 30,000, huku anatembea, "nakuja." Mtoto wa bosi aliyekuja na sare za shule, 10,000. Maji ya dukani 3,000. Mchango wa msiba wa fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, 2,000. Jumla 62,000, na hakuna hata shilingi moja iliyoandikwa mahali, isipokuwa kwenye boksi langu.

Jioni shoti ikawa 20,000.

Nilikaa na namba hizo mbili kwenye daladala hadi Rangi Tatu. Kwa nini 20,000 na siyo 62,000? Nikakumbuka wakati wa kufunga hesabu. Dada alikuwa anataja kwa mdomo, macho juu kwenye dari: "Mzee, makuli elfu kumi na mbili... na wewe mchana ulichukua thelathini." Bosi anaitikia, zinatolewa kwenye hesabu. Alikumbuka mbili kubwa. Winga, mtoto, maji na msiba vilimponyoka, kwa sababu katikati yake alikuwa amehudumia wateja sijui wangapi, amepokea simu ya mtu wa Tunduma, amehakikisha ujumbe wa malipo wa kijana mmoja aliyekuja na meseji ya kughushi kwenye simu. Jumlisha hivyo vinne. Ni 20,000 kamili.

Yaani hakuna aliyeiba. Shoti ilikuwa ni vile alivyosahau. Duka lenye mzigo wa mamilioni, lina mashine ya risiti, lina lipa namba, lina kijana wa fildi anayejua Excel, lakini mfumo wa kudhibiti pesa taslimu ulikuwa kumbukumbu ya mwanamke mmoja aliyesimama tangu saa moja asubuhi. Na kumbukumbu ikichoka, anatozwa.

Mshahara wake ulikuwa 240,000 kwa mwezi, makubaliano ya mdomo. Mwezi ule shoti zenye herufi yake zilifika 112,000. Akapokea 128,000. Kima cha chini cha sekta ya biashara wakati ule, kwa amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023, kilikuwa 150,000. Kwa hiyo ukimuuliza bosi analipa kiasi gani, anakujibu bila kusita kwamba analipa juu ya kima cha serikali, na hasemi uongo. Ukimuuliza dada anapokea kiasi gani, hiyo ni hesabu nyingine. Saa za kazi sizigusi sana: sheria inasema saa 45 kwa wiki, yeye ni kuanzia saa moja hadi saa kumi na mbili, siku sita, chakula anakula akiwa amesimama. Piga mwenyewe.

Kilichonichoma ni kwamba jambo hili nililisoma. Nililijibia mtihani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, imezungumzia makato haya haya. Mwajiri akitaka kumkata mfanyakazi kufidia hasara, lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la huyo mfanyakazi, siyo kwa kuwa tu alikuwa zamu. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi, na alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Asidaiwe zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 240,000 ni 60,000. Sijui nilipata ngapi swali lile, nadhani nilifanya vizuri. Niliandika "robo" bila kuwaza hata mara moja kwamba ni robo ya mtu fulani.

Nikamsomea dada kwenye simu, tumebanana mlangoni, konda anatusukuma ndani. Nikamweleza na habari ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwamba mgogoro wa namna hii unaupeleka ndani ya siku 60, na kwamba kukosa mkataba wa maandishi hakumuumizi yeye: mwajiri asipoleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Nilijisikia wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo tume, siku nikienda kwao, kesho yake nafungua duka la nani?" Baba mwenye nyumba wake anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sikuwa na jibu, na sikumbuki hata mhadhara mmoja uliotupa jibu.

Nisimchore bosi kama jini. Mama yake dada alipolazwa, bosi alitoa laki tatu papo hapo, hajaidai mpaka leo. Sikukuu ya Idd mchele na mafuta vinafika kwa kila mfanyakazi, Mkristo kwa Mwislamu. Lakini nimeliona hili: laki tatu ile haikuandikwa popote, shoti iliandikwa. Wema wake ni wake, anautoa akipenda. Deni lako lina tarehe. Huwezi kumwambia mtu mwema kwamba hesabu zake hazikutendei haki, utaonekana huna shukrani, na dada hakutaka kuonekana hivyo hata kwangu.

Kisha kuna hili la Mnazi Mmoja. Bosi alipenda sana kuhadithia mgomo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kuanzia Jumatatu ya tarehe 15, kero kubwa zikiwa kamatakamata ya watu wa kodi na usajili wa stoo, na tarehe 17 Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja kuwasikiliza pale viwanjani. Bosi alikuwepo, karibu na mbele anavyosema. Na wiki chache tu kabla sijafika, mwishoni mwa Juni 2024, maduka yalikuwa yamefungwa tena. Kwa hiyo mada ilikuwa ya moto. Kila mteja akikaa kusubiri mzigo, bosi anaanza: "Mtu wa kodi anakuja anakukadiria. Hakuulizi kitu. Hakupi nafasi ujieleze. Anaandika tu, wewe ulipe."

Anayasema haya daftari jeusi likiwa chini ya kiwiko chake. Mimi na dada hatukuthubutu kutazamana.

Kumwambia ana kwa ana ilikuwa haiwezekani. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, yeye namwamkia shikamoo, na fomu yangu bado iko kwake. Nikakumbuka kioski cha mama, Kilosa. Mama hakusoma biashara, lakini alikuwa na daftari la kurasa 48 lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kila kitu kilichotoka kiliandikwa na jina la aliyekitoa. Kulikuwa na mistari kama "Mume, soda 1, mkate 1." Baba akilalamika kwamba anaaibishwa mbele ya wateja, mama anamjibu kwamba daftari halijui mume. Nilikuwa naona ni ubahili. Kumbe mama alikuwa anaendesha peti keshi, yaani hesabu ya matumizi madogo madogo, na mimi nimekuja kulipa ada kujifunza.

Nikanunua kitabu chenye nakala kwenye stesheneri, kwa pesa yangu. Nikamwambia bosi ni kwa ajili ya ripoti yangu ya fildi: kwa wiki tatu, pesa isitoke kwenye droo bila karatasi yenye kiasi, sababu na sahihi ya anayechukua. Nilisisitiza neno ripoti. Wenye maduka wa rika lake wanaheshimu sana mambo ya chuo, hasa wakiwa na watoto wao huko. Akacheka, akasema, "Haya mhasibu, hata mimi nisaini?" Nikamwambia, "Hata wewe mzee, vinginevyo mwalimu atanikata alama." Uongo mdogo, mwalimu hakuwa na habari.

Siku za kwanza alisaini kama anayetoa sahihi za ustaa, herufi kubwa, anatabasamu. Winga walilalamika wanacheleweshwa. Kijana wa stoo aliandika sababu moja kwa kila karatasi: "matumizi." Dada ndiye aliyebadilika. Alianza kukiweka kitabu juu ya droo yenyewe, ukitaka kuifungua unakisogeza kwanza, na mtu akinyoosha mkono anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Karatasi jamani, ya mwalimu."

Wiki tatu zikaisha. Shoti ya siku zote hizo ilikuwa 4,500. Karatasi zenye sahihi ya bosi peke yake zilifika 417,000.

Nilifanya mazoezi ya maneno kwenye daladala kama mtu anayekwenda kuposa. Nikamkuta peke yake, ametoka kuswali Adhuhuri. Nikamwekea mezani, sikusema lolote kuhusu dada, nikasema tu, "Mzee, hizi ndizo jumla." Akavaa miwani. Akapekua moja moja, nyingine akizirudia. Akafika ya mchango wa harusi ya mtu, akaguna. Mwishowe akavua miwani, akanitazama.

"Hiki chuo chenu kinawafundisha kufukua makaburi."

Kisha akainama kidogo, sauti chini: "Mama asione hii."

Mwezi ule dada alipokea 240,000 yake nzima. Zile 112,000 za nyuma hazikurudi, na hakuna aliyezitaja. Fomu yangu alinijazia vizuri, kwenye uaminifu akaniwekea tano juu ya tano, alama ambayo nikiikumbuka naona haya kwa zile siku mbili.

Kwenye ripoti nikaandika nilichokiona. Darasani tunafundishwa udhibiti wa ndani kama kufuli: kuna tajiri, kuna mali, na kuna mfanyakazi ambaye usipomwangalia atakuibia. Slaidi yetu ina hadi picha ya mkono unaoingia kwenye droo, na kila mmoja darasani anajua ni mkono wa nani. Mimi nikaandika kwamba dukani kwetu kitabu cha nakala kilimlinda mtu wa kaunta dhidi ya mwenye duka, na kwamba pasipo karatasi, mwenye nguvu ndiye anayekumbuka vizuri. Msimamizi wangu wa chuo akapigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu, pembeni akaandika neno moja: "Rejea?"

Nimepita pale wiki iliyopita, natafuta hotpoti ya kupeleka kicheni pati. Juu ya kaunta sasa kuna kamera. Imeelekezwa kwenye droo na kwenye kiti cha dada. Kiti cha bosi kiko nje ya picha. Bosi anaitazama kwenye simu hata akiwa nyumbani, alinionyesha kwa fahari, akasema kamera haina haja ya sahihi. Kitabu cha nakala kiliisha, hakikununuliwa kingine.

Bosi alipotoka kwenda stoo kunitafutia rangi niliyoitaka, dada akavuta pochi yake chini ya kaunta, akaifungua nusu ili nione. Ndani kulikuwa na bunda la vipande vya boksi vilivyokatwa sawasawa kwa mkasi, vimefungwa kwa mpira. Akachomoa cha juu. Tarehe, kiasi, sababu. Elfu moja ya karanga, na chini yake sahihi ya bosi.

"Anasaini?" nikamuuliza.

"Namwambia bado ni ya mwalimu wako."